Injini ya Nta

Agosti 2014, kwenye Uwanja wa Majaribio wa Overberg, karibu na ncha ya kusini kabisa ya Afrika, roketi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal ilipanda kilomita 2.5 ikaishia hapo. Ilikuwa imesanifiwa ifike kilomita 10. Nozeli yake, ule mdomo wa chini unaobana gesi ya moto na kuitoa kwa kasi, haikustahimili. Roketi hiyo iliitwa Phoenix-1A, na fueli iliyokuwa ndani yake ilikuwa nta, ya jamii ileile ya mishumaa tunayowasha stima ikipotea.

Mimi hufundisha mitambo katika chuo cha ufundi hapa Mombasa, na kila mwaka hakosekani mwanafunzi wa kuniuliza kama na sisi tunaweza kuunda roketi. Humjibu kwa kumsimulia habari za injini hii. Zipo injini za roketi zilizolelewa na majeshi, na zipo zilizolelewa na matajiri. Injini ya mseto, inayochoma fueli yabisi kwa kioksidishaji cha kimiminika, yaani kile kinachoupa moto oksijeni, serikali ziliijaribu zikaiweka kando, kampuni ziliijaribu zikafunga milango, na waliong'ang'ana nayo miaka yote ni wanafunzi na watu wa karakana ndogo. Ndiyo maana naona historia yake inatuhusu.

Kwanza namna inavyofanya kazi. Roketi ya baruti ina fueli na kioksidishaji vilivyokorogwa pamoja; ukishaiwasha huwezi kuizima, na ufa mdogo ndani ya baruti unatosha kuipasua. Roketi ya kimiminika huviweka mbalimbali katika matangi mawili, kisha hudai mabomba, vali na mara nyingi pampu za kuvifikisha kwenye chemba ya mwako kwa kipimo sahihi. Mseto umeshika njia ya katikati. Fueli ni silinda yabisi yenye tundu katikati, na imekaa ndani ya chemba yenyewe. Juu yake kuna tangi moja, bomba moja, vali moja. Fungua vali na uwashe, moto unapita tunduni ukila kuta za fueli. Funga vali, moto unakufa. Silinda ya fueli peke yake hailipuki. Unaweza kuiacha juu ya meza ya karakana usiku kucha ukaenda kulala. Kwa chuo kinachobeba dhamana ya watoto wa watu, hilo si jambo dogo.

Ya kwanza kuruka ilipaa tarehe 17 Agosti 1933 huko Nakhabino, nje ya Moscow. Aliyeisanifu ni Mikhail Tikhonravov, na mkuu wa kundi alikuwa Sergei Korolev, kijana wa miaka 26. Kundi lao, GIRD, lilifanya kazi katika chumba cha chini ya ardhi mtaa wa Sadovo-Spasskaya, na wenyewe walitaniana kuwa ni kundi la wahandisi wanaofanya kazi bila malipo. Fueli yao ilikuwa petroli iliyochanganywa na ulimbo wa msonobari hadi ikaganda. Kioksidishaji kilikuwa oksijeni ya kimiminika, ambayo ilijisukuma kwa mvuke wake yenyewe, kwa kuwa pampu hawakuwa nayo. Roketi hiyo ya urefu wa mita 2.4 na uzito wa kilo 19 ilikaa angani sekunde 18 na kufika mita 400 hivi. Tikhonravov hakuiona ikipaa, alikuwa likizo. Miaka 24 baadaye yeye na Korolev walikuwa miongoni mwa walioirusha Sputnik, lakini kwa injini za kimiminika. Mseto ulibaki nyuma, Nakhabino.

Wakaudaka wapenzi wa roketi wa California. Katika miaka ya 1940 chama chao cha Pacific Rocket Society kilichoma mbao, nta na mpira kwa oksijeni ya kimiminika, na mwaka 1951 roketi yao moja ilifika takriban kilomita 9. Hawakuwa na serikali nyuma yao.

Kwa nini basi wakubwa waliuacha? Kwa sababu mpira unaungua polepole mno. Moto wa mseto hauligusi yabisi moja kwa moja. Unaelea juu yake kidogo, na fueli inabidi igeuke mvuke kwanza ndipo ikutane na oksijeni. Mvuke huohuo unaopanda unazuia joto kushuka. Matokeo yake ni kwamba ukuta wa mpira huliwa kwa takriban milimita moja kwa sekunde, na msukumo unakuwa mdogo. Ili kupata msukumo mkubwa wahandisi walitoboa matundu mengi ndani ya silinda moja, wapate eneo kubwa zaidi la kuungua. Kuta kati ya matundu zikazidi kuwa nyembamba kadiri zilivyoliwa, mwisho vipande vikamomonyoka na kuelekea kwenye nozeli. Kampuni ya AMROC ya California ilijenga injini za namna hiyo kwa miaka. Tarehe 5 Oktoba 1989, katika kituo cha Vandenberg, roketi yao kubwa ilikwama kwenye jukwaa kwa sababu vali ya oksijeni iliganda barafu na haikufunguka vya kutosha. Roketi ikaungua palepale ikaanguka, lakini haikulipuka. Ilikuwa hasara kubwa kwao, na papo hapo ilikuwa ushahidi kwamba waliyoyasema kuhusu usalama wa mseto yalikuwa kweli. Haikuwaokoa, miaka michache baadaye kampuni ilifungwa.

Dawa ya upole huo ilipatikana chuoni. Katika miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Stanford, Arif Karabeyoglu, wakati huo mwanafunzi wa udaktari, pamoja na Brian Cantwell na mzee David Altman, walikuwa na kitendawili mkononi. Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa limechoma haidrokaboni zilizogandishwa kwa baridi kali, likaona zinaliwa haraka mara kadhaa kuliko mpira. Kwa nini? Jibu la watu wa Stanford ndilo ninalopenda kulifundisha kuliko somo jingine lolote. Fueli ya aina hiyo kabla ya kugeuka mvuke huyeyuka, na juu ya uso wake hujikusanya utando mwembamba wa kimiminika. Gesi inayopita kwa kasi tunduni inautia utando huo mawimbi, kisha inachuna vilele vyake na kurusha matone madogo ndani ya moto. Mtu wa pwani amekwisha kuliona hilo kusi linapovuma kwa nguvu, upepo ukinyanyua rasharasha kutoka migongoni mwa mawimbi na kutulowesha tulioko ufukweni. Tone halisubiri kugeuka mvuke likiwa ukutani. Linaingia motoni zima zima.

Wakajiuliza: ni kitu gani kilicho yabisi katika joto la kawaida la chumba, lakini kikiyeyuka kinatoa kimiminika chepesi kisichonata, ili matone yachunike kwa urahisi? Mlenda mzito haufai. Hesabu zao ziliwapeleka kwenye nta ya parafini. Wakaichoma, ikaliwa mara tatu hadi nne ya mpira. Kuanzia 2001 majaribio makubwa zaidi yalifanyika katika kituo cha Ames cha NASA, na nadharia ikasimama. Tundu moja likatosha. Yale matundu mengi yaliyoisumbua AMROC hayakuhitajika tena.

Nataka msomaji aone maana ya jambo hilo kwa mtu mwenye karakana ya kawaida. Mpira wa sanisi wa roketi huagizwa kwa masharti na karatasi nyingi. Nta iko sokoni. Katika karakana yetu tumewahi kuimimina kwa kujifunza tu, bila kioksidishaji wala moto, na kazi yake inafundisha subira. Nta inayeyushwa polepole kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya maji ya moto. Inatiwa masizi laini na kukorogwa hadi iwe nyeusi tii. Masizi hayo yana kazi: nta ikiwa nyeupe, mwanga wa moto unapenya hadi ndani na kulainisha silinda yote kabla ya wakati wake, ikiwa nyeusi, joto linaishia juu juu panapotakiwa kuliwa. Kisha inamiminwa ndani ya bomba. Hapo ndipo kero huanza, kwa kuwa nta ikiganda ujazo wake hupungua kwa zaidi ya asilimia 10, na kama bomba limesimama tuli, katikati panatokea mashimo na nyufa usizozipanga. Basi bomba linalazwa, linafungwa kwenye leithi, linazungushwa. Nta inajibandika ukutani, inapoa kutoka nje kuelekea ndani, na tundu la katikati linajitengeneza lenyewe, limenyooka, bila kuchongwa. Ukiikata vipande, tafuta kiputo. Kiputo kimoja ni uso wa ziada wa kuungua mahali ambapo hukuupangia, na shinikizo ndani ya chemba litapanda bila kukuuliza.

Upande wa pili wa mseto wa wanafunzi ni nitrasi oksaidi, gesi waitumiayo madaktari wa meno kutuliza maumivu. Vyuo viliipendea jambo moja: kwenye nyuzijoto 20 inakaa tangini kama kimiminika chini ya shinikizo la mara 50 hivi ya hewa tunayovuta, na shinikizo hilo lenyewe linaisukuma hadi chembani. Pampu haihitajiki, wala mtungi wa pili wa gesi ya kusukuma. Lakini gesi hiyo haitaki mzaha. Tarehe 26 Julai 2007, jangwani Mojave, California, wafanyakazi wa kampuni iliyokuwa imepeleka binadamu hadi mpaka wa anga za juu kwa injini ya mseto miaka mitatu kabla walikuwa wakijaribu mtiririko wa nitrasi oksaidi tu, bila kuwasha chochote. Tangi likalipuka. Watatu walikufa, watatu wakajeruhiwa. Nitrasi oksaidi ikipata joto au uchafu wa kuichokoza huvunjika yenyewe na kutoa joto, hata pasipo fueli. Mwanafunzi anayeniambia mseto hauna hatari humpa habari ya Mojave aisome kabla ya kuendelea. Fueli ndiyo isiyo na hatari mezani. Tangi lililojaa, mtu hasimami karibu nalo. Linajazwa na kumwagwa kutoka mbali, kwa waya.

Tabia yake na joto nayo inatugusa sisi moja kwa moja. Zaidi ya nyuzijoto 36.4 nitrasi oksaidi haiwezi kubaki kimiminika hata uibane vipi. Tangi la chuma lililoachwa juani Mombasa saa nane mchana linavuka kiwango hicho. Kaskazini ya Sweden shida ni kinyume: baridi inashusha shinikizo, na injini iliyopimwa nyumbani kwenye joto la kawaida inajikuta inalishwa na tangi jingine kabisa.

Huko Sweden ndiko wanafunzi wa Stuttgart walikokwenda. Kundi lao, HyEnD, lilianza 2006, na mwaka 2012 Shirika la Anga la Ujerumani, DLR, lilifungua mpango wa kuwawezesha wanafunzi wa vyuo vikuu kuunda roketi zao na kuzirusha. Mwezi Oktoba 2015 roketi yao ya kwanza kubwa, HEROS 1, iliharibika kwa mwako usiotulia: shinikizo chembani lilipanda na kushuka kwa mitetemo ambayo chuma hakikuweza kuivumilia. Mwaka uliofuata walirudi Esrange, karibu na Kiruna, na tarehe 8 Novemba 2016 HEROS 3 ilifika kilomita 32.3. Kilichonivutia zaidi ni uzito. Roketi ile ilikuwa na urefu wa mita 7.5, lakini ikiwa tupu, bila nta wala gesi, uzito wake ulikuwa kilo 75 hivi, sawa na mtu mzima wa kawaida. Katika mseto wa nitrasi oksaidi mzigo mkubwa ni tangi, kwa kuwa ndilo linalobeba shinikizo lote. Stuttgart walitumia nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa kwa gundi, na kila kilo waliyoipunguza ukutani iliwaongezea urefu wa safari.

Delft, Uholanzi, walikuwa wameshafika kilomita 21.5 mnamo 16 Oktoba 2015, wakirushia El Arenosillo, Hispania. Fueli yao ilikuwa nta iliyochanganywa na unga wa aluminiamu na sorbitoli, ile inayotia utamu peremende zisizo na sukari. Roketi yao iliyofuata, Stratos III, ilivunjika angani sekunde 20 baada ya kupaa, Julai 2018. Mwezi Aprili 2023 Stuttgart wakafika kilomita 64.4. Zaidi ya nusu ya njia ya kufika kilomita 100, panapohesabiwa kuwa mwanzo wa anga za juu, imeshapitwa na vijana waliokuwa bado wanasubiri shahada.

Turudi kwa Phoenix, Durban. Mpango wa Phoenix ulianza 2010 katika idara ya uhandisi wa mitambo ya Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Haukuwa klabu ya jioni. Wanafunzi wa uzamili walipewa sehemu ya roketi kuwa mada ya tasnifu zao: huyu nozeli, yule tangi, mwingine programu ya kukokotoa njia ya kuruka. Naupenda mtindo huo kwa sababu tasnifu inabaki. Mwanafunzi huondoka baada ya miaka miwili mitatu, na katika vyuo vingi ujuzi wake huondoka naye. Hapa ulibaki kwenye rafu, na aliyefuata alianzia alipoachia mwenzake. Baada ya ile ya 2014 walirudi Overberg Februari 2019 wakiwa na roketi mbili. Hakuna iliyofika walikokusudia. Watu wangeweza kukata tamaa, na wafadhili zaidi. Tarehe 8 Machi 2021 Phoenix-1B ilipaa tena ikafika kilomita 17.9, na hiyo ikawa rekodi ya Afrika kwa roketi za mseto.

Kutoka Durban hadi Overberg ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na uwanja wenyewe una historia isiyopendeza. Serikali ya ubaguzi wa rangi iliujenga katika miaka ya 1980 kwa ajili ya makombora. Kijiji cha wavuvi cha Skipskop kilihamishwa kupisha uwanja huo, watu wakaondolewa kwenye bahari waliyoirithi. Kati ya 1989 na 1990 roketi za RSA-3 zilijaribiwa hapo, zikiwa zimesanifiwa kubeba setilaiti na uwezo wake wa kubeba silaha ukijulikana vyema. Ubaguzi ulipokuwa ukielekea mwisho, mradi ulifutwa. Uwanja ukabaki, na rada zake, na kamera zake za kufuatilia vitu angani. Miaka ishirini na zaidi baadaye wakaingia humo wanafunzi na silinda zao za nta. Sidhani jambo hilo linawafidia watu wa Skipskop, na sitaki mtu aseme hivyo. Lakini bila uwanja ule Phoenix ingebaki imefungwa kwa boliti kwenye jukwaa la majaribio Durban, ikinguruma bila kwenda popote.

Hapo ndipo historia hii yote inaponifikisha kila ninapoifuatilia. Stuttgart walifunguliwa Esrange. Delft walifunguliwa El Arenosillo. Durban walifunguliwa Overberg. Nta iko sokoni kila mahali, leithi iko kila mji, na vijana wenye hesabu nzuri tunao. Wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT, Juja, wameshaunda na kurusha roketi ndogo walizozipa jina la Nakuja. Roketi ndogo hutosha shamba tupu lenye ruhusa. Ya kilomita 17.9 haitoshi. Hiyo hutaka bahari iliyofungwa kwa saa kadhaa, meli na mashua zilizoarifiwa, ndege zilizoelekezwa pembeni, na rada ya kujua kilikoangukia kila kipande.

Marehemu baba yangu alivua samaki Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na alitusimulia namna wavuvi walivyokuwa wakiambiwa siku fulani wasikaribie majukwaa ya Waitaliano yaliyosimama baharini. Kutoka hapo, digrii 3 hivi kusini ya Ikweta na bahari tupu upande wa mashariki, zilirushwa setilaiti tisa kati ya 1967 na 1988, mojawapo ikiwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Baba aliziona kutoka mashuani, na hakuna hata moja iliyokuwa na kifaa kilichokerezwa Mombasa. Setilaiti ya mwisho ilipaa Machi 1988. Tangu hapo kituo, ambacho sasa kimepewa jina la Luigi Broglio, kinafuatilia setilaiti kwa antena, na hakirushi kitu.

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka huu amechora tangi la aluminiamu, amehesabu unene wa ukuta wake kwa shinikizo la mchana wa Mombasa badala ya la Stuttgart, na amependekeza lifunikwe kwa gunia lililoloweshwa maji hadi dakika ya mwisho. Hesabu zake nimezikagua, ziko sawa. Swali alilonipa mwisho wa karatasi, na ambalo si la kujibiwa na mimi, ni barua ya kuomba nafasi ya kurushia Ngomeni inaandikwa kwa ofisi gani.